Picha Mchangani, Papa Mfu Baharini

Joto likishapanda Florida, mitandao hujaa picha ileile: kijana kifua wazi, amempanda papa nyundo aliyeburutwa hadi mchangani, dole gumba juu. Chini kaandika, "Tumemwachia salama." Salama ipi?

Papa hana mbavu za kumkinga. Baharini uzito wake unabebwa na maji; ukimlaza nchi kavu, mwili wake wenyewe unamkandamiza ini na matumbo. Nyundo ndiye mnyonge kuliko wote hapa. Hupata hewa kwa kuogelea, na akivutana na mshipi muda mrefu, damu hujaa asidi. Papa chui huenda akahimili. Nyundo hupiga mkia, mnashangilia, kisha huenda kufia mbele msikomwona.

Tangu Julai 2019 kumvua papa ukiwa ufukweni Florida kunataka kibali, tena cha bure. Kumwaga chambo majini kutoka ufukweni ni marufuku. Papa aliyelindwa, nyundo akiwemo, abaki majini matamvua yamezama, aachiwe bila kucheleweshwa. Kumpanda kwa ajili ya picha kunaitwaje, kama si kumchelewesha?

Mengi huharibika kabla hajafika pwani. Mwenye mshipi wa pauni 50, yaani unaokatika ukivutwa kwa uzito huo, anajisifu kwa ubingwa. Breki ya rili hufungwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo yeye anavuta kwa pauni 15 hivi, na pambano halimaliziki. Mwenye pauni 130 anavuta kwa zaidi ya 32. Kama huna zana nzito, kavue changu. Ndoana iwe ya duara, ncha isiyopinda pembeni, na isiwe ya chuma kisichoshika kutu, maana ikibaki mdomoni haiozi upesi. Papa akila, usikwanyue! Kaza mshipi taratibu, ndoana ijishike pembeni mwa taya. Ukikwanyua unaichomoa, au unamtoboa kwa ndani. Mkasi wa kukatia waya unaoshika ndoana uwe kiunoni, si garini. Kata karibu kabisa na ndoana, kwa sababu mita tatu za waya atazikokota kila aendako.

Haya, jarife na dhulumati (mishipi mirefu yenye ndoana nyingi) zinamaliza papa wengi kuliko wavuvi wote wa burudani. Nakubali, shingo upande. Ila nyundo wa rekodi wa Boca Grande, Florida, 2006, kilo 580, alikutwa na watoto 55 tumboni, na rekodi ya uzito ya IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi, haikubali mizani ya ndani ya boti; anayeitaka lazima amlete papa nchi kavu.

Picha? Mwenzako apige wakati unakata waya.