Ada ya Asiyejiunga: Hesabu ya Jaji Rand

Mfanyakazi ambaye hakujiunga na chama cha wafanyakazi akiona makato ya chama kwenye hati yake ya mshahara, huuliza analipia nini. Nchini Kanada swali hilo lilijibiwa Januari 1946 na Ivan Rand, jaji wa Mahakama ya Juu, aliyeteuliwa kuwa mwamuzi baada ya mgomo wa siku 99 katika kiwanda cha Ford mjini Windsor. Wagomaji walikuwa wamefikia hatua ya kuziba njia kwa magari ili polisi wasipenye.

Chama kilitaka kila mwajiriwa alazimike kuwa mwanachama, kampuni ikakataa. Rand akaamua hivi: hakuna wa kulazimishwa kujiunga, ila kila anayefaidika na mkataba wa hali bora akatwe ada, na mwajiri ndiye aikate.

Wengi wakimsimulia huishia hapo. Wanasahau kwamba mwenyewe alifunga fedha hizo kwa masharti mazito. Mgomo lazima upigiwe kura ya siri, na wasio wanachama nao wapige. Anayeshiriki mgomo usio halali alipe faini ya dola 3 kwa siku, na kwa kila wiki ya kutokuwapo kazini apoteze mwaka mzima wa ukongwe wake wa kazi. Chama kikikiuka masharti hayo, kingeweza kusimamishiwa makato. Yaani ada ilikuwa pia kamba ya kukivuta chama.

Hoja ya kudandia ina nguvu: nyongeza ya mshahara haimruki asiye mwanachama, hivyo si haki wenzake wamlipie. Udhaifu unaanza pesa zikishaingia kwenye mfuko. Merv Lavigne, mwalimu wa chuo huko Ontario, alipinga sehemu ya makato yake kwenda kwenye siasa na kampeni zisizohusu kazi yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilimkatalia. Majaji walitofautiana kwa sababu zao, lakini woga mmoja ulieleweka: mahakama ikianza kupekua kila matumizi ya chama, itamaliza lini?

Woga huo siudharau. Ila Rand huyuhuyu, katika kesi ya 1959 ambayo Roncarelli alimshtaki Duplessis, waziri mkuu wa jimbo la Quebec, alikataa kwamba kiongozi wa umma anaweza kuwa na uhuru wa kuamua usio na mipaka. Mwaka huohuo alistaafu, akawa mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Western Ontario. Mpaka aliomwekea waziri mkuu wa Quebec hakuuweka kwenye matumizi ya ada. Alidhibiti migomo, akaacha mfuko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 iliziba pengo hilo kwa maandishi: ada ya uwakala, yaani makato ya asiye mwanachama, ikae kwenye akaunti yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo tu, na isipelekwe kwa chama cha siasa. Tatizo linabaki kwa asiye mwanachama, ambaye huona kiasi alichokatwa lakini huenda taarifa ya akaunti isimfikie.