Anayetembea mwenyewe Venice asihesabiwe na msafara

Karibu na daraja la Rialto, Campo San Bartolomeo, kuna duka la dawa lililoweka dirishani kibao cha tarakimu za umeme. Tangu 2008 kinaonyesha wakazi waliobaki katika Venice ya visiwani. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000. Agosti 2022 wakashuka chini ya 50,000, na mwaka uliofuata vitanda vya wageni vikawapita wenyeji kwa idadi.

Anayeipita tarakimu hiyo kila asubuhi akienda kununua mkate ana haki ya kuzikasirikia meli za watalii. Abiria hula na kulala melini, hushuka kwa saa chache, huziba njia kati ya Rialto na uwanja mkuu wa San Marco, kisha huyoo! Waitaliano huuita utalii wa uma-ukimbie. Ndiyo maana tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya San Marco, na tangu 2024 mgeni wa siku moja hulipa kiingilio siku za msongamano. Mwaka 2025 siku hizo zilikuwa 54: euro 5 kwa aliyelipa mapema, 10 kwa aliyechelewa.

Meli kubwa siitetei. Nimtetee abiria mmoja, yule anayeshuka bila msafara.

Jiji lenyewe linaijua tofauti. Makundi yamewekewa ukomo wa watu 25, na vipaza sauti vimepigwa marufuku, kwa kuwa kundi likisimama juu ya daraja kusikiliza maelezo, mpagazi mwenye toroli hapiti. Mtu mmoja husogea kando, basi. Lakini kwenye kiingilio wote ni kichwa kimoja, bei moja.

Mfuate huyo mtu mmoja. Anatoka Piazzale Roma, kituo cha mabasi, anaviacha vibao vya njano vinavyoelekeza Rialto, anakata kuelekea mtaa wa Dorsoduro. Aliyekulia vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu ataielewa hali hiyo: njia inakuishia, unarudi, unamwuliza mtu. Tofauti ni kwamba hapa inakuishia majini. Anafika Ponte dei Pugni, daraja lenye nyayo nne za jiwe jeupe, ambapo wanaume wa pande mbili za mji walisimama kupigana ngumi mpaka mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1705. Pembeni imefungwa mashua iliyojaa nyanya na mbilingani. Ni genge la mtaa, juu ya maji. Mama mwenye kikapu cha magurudumu anachagua vitunguu. Mgeni anasubiri zamu yake, ananunua pichi mbili.

Hizo pichi mbili ndizo ninazotaka zihesabiwe. Genge hilo likifa, na duka la mkate, na fundi wa viatu, mama yule atahamia Mestre, bara, na kibao cha duka la dawa kitapungua mmoja. Duka linalowauzia watalii barakoa za plastiki halitamzuia. Watu 25 wenye muda wa saa mbili tu hawawezi kupanga foleni ya mboga, mmoja anaweza.

Wapo wanaosema afadhali wageni wabanane San Marco kuliko kusambaa mitaa ya Castello na Cannaregio, kwenye utulivu uliobaki. Hoja hiyo ni nzito. Kukalia ngazi za mlango wa mtu, au kupiga picha nguo alizoanika, ni adha kwa mwenye nyumba hata ukiwa peke yako na mpole namna gani. Tena ramani za simu huwapitisha wengi njia ileile.

Ila nyumba haihamwi kwa sababu mtu kapita mlangoni. Huhamwa inapogeuzwa vitanda vya wageni. Na hapa ndipo kiingilio kinaponishinda kukielewa: anayelala ndani ya nyumba iliyohamwa amesamehewa, kwa kuwa hulipa kodi ya malazi, ila aliyepita kwa miguu akanunua pichi ndiye wa kutozwa. Tangu 2022 sheria ya Italia inaliruhusu jiji la Venice kuweka ukomo wa upangishaji wa nyumba kwa muda mfupi. Ningeanzia huko, kisha nitoze misafara kwa ukubwa wake, ndipo nimfikirie mtembea kwa miguu.