Mgeni wangu simtumii mtoto dukani

Kwetu Mwanza mgeni akishakaa tu kwenye kochi, mtoto anapenyezewa hela na chupa tupu, mbio dukani. Soda ndiyo heshima ya mgeni. Nimekulia humo na desturi yenyewe naipenda. Ninachokataa ni kuamini kwamba heshima hiyo lazima itoke kiwandani.

Nyumbani kwangu Nyegezi mgeni anapewa kinywaji cha maganda ya nanasi, tangawizi na mchaichai, na gesi yake kimeitengeneza chenyewe.

Nenda soko la Kirumba uangalie anayemenya nanasi. Kisu kinazunguka, ganda nene linadondoka kwenye kiroba, na bado lina nyama ya njano imeng'ang'ania. Kiroba kikijaa kinatupwa. Inaniuma kila nikiona, kwa sababu juu ya ganda hilo inaishi hamira ya asili, ndiyo inayokula sukari na kutoa hewa ukaa, gesi ileile ya kwenye soda. Kwa hiyo ganda lioshe kwa maji safi, lakini usilichemshe, utaiua hamira. Cha kuchemsha ni maji, na hapo sina mzaha, yawe ya bomba au ya ziwani.

Mimi nachukua maganda ya nanasi moja, lita 2 za maji yaliyochemka yakapoa, sukari robo kilo, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba niliyoitwanga. Mchaichai nauchemsha kwenye maji hayohayo tangu mwanzo. Vyote ndani ya ndoo safi, juu kitambaa. Kwa joto letu siku 2 zinatosha. Siku ya pili inamisha sikio karibu na ndoo: utasikia mchakarisho mdogo, kama rasharasha juu ya majani ya mgomba. Hapo chuja. Ukiona ukungu wenye manyoya, mwaga yote, usionje.

Baada ya kuchuja, tia kwenye chupa za plastiki, acha nafasi ya vidole viwili, funga. Kila baada ya saa chache ibonyeze chupa. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, ipeleke kwenye friji. Nasema plastiki kwa sababu niliwahi kutumia chupa ya kioo, ikapasuka usiku wa manane. Asubuhi nilikuta vipande kwenye mkeka ambao wanangu hukalia. Kioo sijarudia.

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya wazungu wa mitandaoni. Hapana. Bibi zetu walitia kimea kwenye uji wakapata togwa, na hakuna aliyewafundisha kutoka nje. Kuchachusha ni elimu yetu, tumeiacha tu kwa sababu chupa ya dukani ina lebo.

Lakini ukweli mgeni lazima aambiwe. Hamira ikitoa gesi inatoa na kileo kidogo, na kadiri siku zinavyosonga kinaongezeka. Kumpa mtu asiyetumia kileo bila kumwambia ni kumkosea, na watoto wangu siwapi. Shangazi yangu ni mlokole. Alipokuja nilimwambia, "Shikamoo shangazi, karibu. Hiki kimechachuka." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Basi nichemshie hayo majani yake." Akanywa chai ya mchaichai, vikombe viwili, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Jumapili hii shemeji anakuja kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hana tena habari ya kusubiri kivuko, atafika mapema. Maganda nimeyaloweka leo Alhamisi, Jumamosi asubuhi nachuja. Yeye ukali wa tangawizi anaupenda, nimeongeza kipande.