Kamera Haijui Jina la Mpwa Wangu

Wiki iliyopita kituo cha redio cha mji wetu mdogo hapa Indiana kilitangaza kwamba kuanzia msimu ujao hakitamtuma tena mtangazaji kwenye michezo ya mpira wa kikapu ya shule ya sekondari. Maelezo yalikuwa sentensi mbili: gharama zimepanda, na ukumbi wa shule sasa una kamera inayojiendesha yenyewe, kwa hiyo anayetaka kufuatilia mchezo atautazama mtandaoni. Niliisoma taarifa hiyo wakati wa mapumziko ya zamu yangu ghalani, nikairudia mara tatu, na hasira iliyonipanda siku ile haijashuka hadi sasa ninapoandika.

Wenzangu mnaoishi jimbo hili mnajua Ijumaa usiku ya majira ya baridi ilivyo. Barabara ni nyeupe kwa theluji, mashamba ya mahindi yamelala, na taa zinazowaka katika mji mzima ni za kituo cha mafuta na za ukumbi wa shule. Mchezo huu ulibuniwa Massachusetts mwaka 1891, lakini Indiana ndiyo iliyoufanya kuwa mali ya kila kijiji. Mashindano ya shule za jimbo yalianza mwaka 1911, na mji wa New Castle, wenye watu wapatao 17,000, una ukumbi wa shule unaokalisha karibu watu 8,000. Mwaka 1954 shule ya Milan, iliyokuwa na wanafunzi 161 tu, iliishinda Muncie Central kwa pointi 32 kwa 30 katika fainali ya jimbo, na wazee wa huku bado wanaweza kukueleza walikuwa wameketi karibu na redio gani siku hiyo.

Mimi nilikuja kuuelewa uzito wa jambo hili kupitia mpwa wangu. Yuko kidato kinacholingana na cha tatu cha nyumbani, ni mchezaji wa akiba, na jina la ukoo wetu linaanza na ng'w, kama majina mengi ya Usukumani. Tangu afike shuleni, kila mtu alikuwa amelikata jina hilo alivyotaka. Wengine walimwita kwa herufi ya kwanza tu, na yeye akazoea kunyamaza. Mwishoni mwa Novemba, kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu, mzee mmoja mwenye daftari mkononi alipanda ngazi za jukwaa hadi nilipokaa, akajitambulisha kuwa ndiye mtangazaji wa redio, kisha akaniomba nimfundishe jina la kijana huyo. Nilimwambia kwamba sauti hiyo ipo mwishoni mwa maneno mengi ya Kiingereza, ila kwao haianzi neno lolote, hivyo alianze jina pale maneno yao yanapoishia. Alilirudia mara nne, akaliandika katika daftari kwa tahajia yake mwenyewe, akanishukuru, akashuka. Nilibaki nimeketi pale nikiwa na donge kooni, kwa sababu katika miaka 11 niliyoishi nchi hii sikumbuki mtu mwingine aliyepanda ngazi ili kujifunza jina letu.

Katikati ya Januari msaidizi wake aliugua, akaniomba nikae naye mezani usiku mmoja nimhesabie faulo na mitupo huru. Mchezo ulikuwa wa ugenini, ungeanza saa moja na nusu usiku, lakini saa kumi na moja na nusu jioni tulikuwa tumeshafika, yeye akiwa ameendesha gari karibu saa nzima juu ya barabara inayoteleza. Alifunga mitambo yake mwenyewe: kisanduku cha kurusha sauti kupitia mtandao wa simu, hedifoni mbili, na simu ya akiba endapo kisanduku kingegoma. Kisha akaenda kwa kocha wa wageni, akaenda kwa kocha wa wenyeji, akauliza majina ya watoto wote mmoja mmoja, hata wale ambao pengine wasingeingia uwanjani usiku huo. Nilimwona akimsimamisha kijana mmoja wa timu pinzani, mwenye jina la Kiburma, lugha ya Myanmar, akamwuliza jina lake kama alivyoniuliza mimi la mpwa wangu.

Mchezo ulipoanza ndipo nilipoelewa kwamba kazi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Robo nne za dakika nane nane hufanya dakika 32 kwenye saa ya uwanja, lakini mtu huyo alizungumza kwa karibu saa mbili bila mwenzake wa kupokezana naye. Alimwambia msikilizaji timu ipi inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, mpira uko mkononi mwa nani, yuko umbali gani na kikapu, na nani amemkabili. Mimi nilikulia Sengerema nikisikiliza mpira wa miguu kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na niliitambua kazi hiyo mara moja. Ni kazi ileile ya akina Charles Hilary kwetu na Leonard Mambo Mbotela kwa majirani zetu Kenya, wote wawili tuliowazika mwaka 2025: watu waliokuambia kwamba mpira uko upande wa kaskazini mwa uwanja, na wewe uliye gizani, umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ukauona uwanja mzima.

Nije sasa kwenye tukio ambalo ndilo linaloniandikisha maneno haya. Katika robo ya tatu kijana mmoja wa timu yetu aliruka kuufuata mpira uliorudi kutoka kwenye ubao, akaanguka vibaya kwa mgongo, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mtangazaji alishusha sauti. Alisema jina la kijana, kisha akasema kwamba daktari wa timu amemfikia, kwamba kijana anazungumza, kwamba amesogeza mguu wa kulia, na sasa wa kushoto, kwamba mama yake ameshuka kutoka jukwaani na ameshika mkono wake. Hakukisia ameumia wapi na hakujaza ukimya kwa maneno ya ovyo. Baada ya dakika kadhaa alisema kwamba kijana ameketi, kisha kwamba amesimama, na hapo nikasikia pumzi yake ikitoka ndani ya hedifoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba baba wa kijana huyo alikuwa barabarani na lori lake, akisikiliza.

Siku iliyofuata niliitazama video ya mchezo huo, kwa sababu ukumbi ule pia una kamera ya aina hiyo. Kamera imetengenezwa kuufuata mpira na mwendo wa wachezaji. Kijana alipoanguka mpira uliviringika hadi upande wa pili, kamera ikaufuata, na kwa muda mrefu picha ilionyesha mwamuzi ameshika mpira kiunoni na wachezaji wanne wanaotazama mahali ambapo mtazamaji haoni. Hapakuwa na sauti isipokuwa minong'ono ya ukumbi. Mtu aliyekuwa nyumbani na mwanawe yuko sakafuni asingejua hata kama anapumua. Naomba wale walioandika taarifa ya sentensi mbili waitazame sehemu hiyo ya video, kisha waniambie kitu walichokiondoa ni kipi.

Nyumbani kwetu yuko mtu mwingine anayeguswa na uamuzi huu. Mama yangu, bibi yake kijana, anaishi Sengerema. Mchezo unapoanza huku saa moja na nusu usiku, kwake ni saa tisa na nusu za usiku wa manane, naye huweka simu kando ya mto akaamka kusikiliza matangazo ya kituo chetu kupitia intaneti. Kiingereza hakifahamu. Anachosubiri ni jina. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 30 kwa saa, kiasi ambacho bando la mzee linaweza kumudu, wakati video ya kamera inadai ada ya kila mwezi na bando ambalo lingekwisha kabla ya mapumziko. Usiku ule mpwa wangu aliingizwa mwanzoni mwa robo ya nne, akafanyiwa faulo, akaenda kwenye mstari wa mtupo huru. Alikosa wa kwanza. Kabla ya wa pili mtangazaji alilitamka jina lote, na ng'w yake mahali pake, akaongeza kwamba kuna bibi anayesikiliza kutoka kando ya Ziwa Victoria ambako kumekaribia kupambazuka. Mtupo uliingia. Asubuhi yake dada yangu, ambaye hufanya kazi ya usiku ya kuwatunza wazee na hajawahi kuhudhuria mchezo hata mmoja, aliniambia kwamba mama amempigia simu akilia.

Watu wataniambia kwamba ninapima sera ya kituo kizima kwa machozi ya mama mmoja. Napima hivyo, na sioni aibu. Katika jimbo hili swali la majina ya nani yatajwe hewani lina historia yake. Hadi mwaka 1942 shule za watu weusi hazikuruhusiwa kushiriki mashindano ya jimbo, maana yake ni kwamba vijana wa Crispus Attucks ya Indianapolis, shule iliyofunguliwa mwaka 1927, walicheza kwa miaka 15 bila jina hata moja la kwao kutangazwa katika mashindano ambayo jimbo zima lilikuwa likiyasikiliza. Mwaka 1955, wakiongozwa na mchezaji wao Oscar Robertson, wakawa mabingwa, na mwaka 1956 wakarudia bila kushindwa mchezo hata mmoja. Msafara wao wa ushindi wa mwaka 1955 haukuachwa usherehekee katikati ya mji kama ilivyokuwa kwa mabingwa waliowatangulia. Uliishia kwenye bustani ya mtaa wa watu weusi. Hata hivyo majina yalikuwa yameshatamkwa, na waliokuwa majumbani mwao walikuwa wameyasikia.

Kuna jambo moja nitalikubali, ingawa kwa shingo upande. Kamera inaonyesha michezo ya wasichana yote, na ya timu za pili, wakati redio yetu kwa miaka yote niliyoisikiliza imetangaza michezo ya wasichana kwa kuhesabika. Wasichana wa Indiana wana mashindano yao ya jimbo tangu mwaka 1976, na kuwanyima sauti kwa muda mrefu hivyo ni dhuluma. Lakini dawa ya dhuluma hiyo ni kumtuma mtangazaji kwa wasichana pia, kwa kuwa nao wana mama na bibi wanaosubiri kusikia majina yao.

Kuhusu gharama, mwenye duka la pembejeo na mwenye nyumba ya mazishi, ambao matangazo yao husomwa kila robo inapokwisha, wameniambia wote wawili kwamba hakuna aliyewauliza kama wangependa kuongeza mchango.

Nakiri pia kwamba redio yenyewe inasikika kwa taabu. Kituo chetu kiko masafa ya AM, na sheria inakitaka kipunguze nguvu ya mitambo jua linapozama, kwa sababu usiku mawimbi hayo hurudi kutoka angani na kuingilia vituo vya majimbo mengine. Mwezi Desemba jua la huku linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo wakati ule hasa mji unapoihitaji sauti hiyo kuliko saa nyingine yoyote, inakuwa dhaifu, na wakulima walio upande wa mashariki huisikia ikipotea na kurudi. Bado wanaitafuta. Nimewaona wakikaa ndani ya magari yao uani, injini ikiunguruma, kwa kuwa redio ya gari hunasa vizuri zaidi kuliko ya ndani. Watu wa namna hiyo hawastahili kuambiwa wakatazame kamera mtandaoni.

Usiku ule wa Januari tulimaliza kukunja nyaya karibu saa nne na nusu. Timu yetu ilikuwa imefungwa. Mzee alikuwa na kibuyu cha chai, tukanywa ndani ya gari huku kioo kikiyeyuka barafu, naye akafungua daftari lake na kuniuliza kama kijana wa Kiburma alikuwa amelitamka jina lake kwa kupandisha sauti mwishoni au kwa kuishusha, kwa sababu timu ile ingekuja kwetu Februari na hakutaka kukosea. Nilimwambia nilivyosikia. Akachora alama ndogo juu ya herufi ya mwisho.

Mchezo huo ni Ijumaa hii. Bodi ya kituo inakutana Jumanne inayofuata saa kumi na mbili jioni, mlango uko wazi kwa umma, na nimeomba ruhusa ya kubadilisha zamu. Mama ameshaniuliza saa ya mchezo, nami nimemwambia ni ileile, saa tisa na nusu.