Kinu cha upepo shambani: nani atapanda mnara?

Mfugaji wa Singida anayetaka kuvuta maji kisimani siku hizi huambiwa neno moja tu: sola. Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Bei ya paneli imeshuka sana, hazina kitu kinachozunguka, na kazi kubwa ya mwenye nazo ni kuzifuta vumbi. Hata hivyo, naona kinu cha upepo kinazikwa mapema mno.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 8. Ndiyo maana kinu kilichofichwa nyuma ya miembe kinaweza kuzubaa siku nzima, ilhali cha jirani aliye mlimani kinafurisha tangi. Wengi wanaolaumu kinu wangepaswa kulaumu mahali kiliposimikwa. Kinu cha mabawa mengi huanza kuvuta maji upepo ukifika kama mita 3 kwa sekunde, na nyanda za Singida na Dodoma hupata upepo mzuri kiangazi, wakati ule ule ng'ombe wanapokuwa na kiu.

Kwenye matunzo ndipo ninaposita zaidi. Tangu Aermotor, kampuni ya vinu ya Marekani, ilipofungia giya ndani ya oili mwaka 1915, kubadilisha oili mara moja kwa mwaka kunatosha. Kinachokula muda ni washa za ngozi za pistoni, yaani vipete vinavyoziba pistoni ya pampu iliyo chini kisimani, hasa kisima kikiwa na mchanga. Ukiona mabawa yanazunguka vizuri lakini maji yanatoka kidogo, anza kuzishuku hizo. Kuzibadilisha huenda kukahitaji kuvuta kutoka kisimani fimbo zote zinazounganisha kinu na pistoni, kazi ya watu watatu na spana. Boksi la umeme la pampu ya sola likiungua, spana haisaidii. Unasubiri fundi wa mjini. Na ujuzi wa vinu haukuwa wa ng'ambo tu: vile vya chapa ya Kijito viliundwa Thika, Kenya.

Lakini oili iko juu ya mnara, pengine mita 10 au zaidi, na boliti zinazolegezwa na mtikisiko ziko huko huko. Kupanda bila kufunga breki na bila mkanda ni kuhatarisha maisha. Hapo sola inashinda kabisa. Dhoruba ikikaribia, lazima pia awepo mtu wa kukunja mkia ili mabawa yaukwepe upepo. Kinu cha kijiji kizima mara nyingi hufia hapo: kila mtu anakunywa, hakuna anayepanda.

Kwa bustani ya nyanya inayotaka maji kila siku kwa kipimo, ningenunua sola. Kwa birika la mifugo kwenye uwanda wenye upepo, pakiwa na tangi la kutosha siku tatu za utulivu, ningesimamisha kinu, mradi mtu wa kukitunza awe amepatikana na malipo yake yamekubaliwa kabla ya msingi kuchimbwa.