Tumbo likiunguruma, hesabu gramu kwanza

Mgonjwa wa kisukari anaanzishiwa metformini, na wiki hiyohiyo nyumbani zinaingia biskuti na pipi "zisizo na sukari". Siku ya tatu anaharisha. Dawa inalaumiwa, na kweli metformini huharisha, hasa mwanzoni. Ila karatasi ya pipi nayo isomwe. Ukikuta sorbitoli, maltitoli au zailitoli, au namba E420, E965, E967, umepata mshukiwa wa pili. Hizo ni alkoholi za sukari, yaani polioli, zinazotiwa utamu badala ya sukari (jina ni la wanakemia tu, hazina ethanoli wala hazilevyi).

Wengine watakwambia polioli "zinaua bakteria wa tumboni". Majaribio yaliyozua hofu hiyo yalihusu zaidi sakarini na sukralosi, ambazo ni vitamu vya ukoo mwingine kabisa. Polioli nyingi hunyonywa nusunusu kwenye utumbo mwembamba. Zinazobaki huvuta maji, kisha zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha. Hapo ndipo gesi inapotoka, pamoja na asidi kama butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo huo. Bakteria hawafi, wanakula. Laktitoli, ndugu yao, hutumika hospitalini kulainisha choo kigumu kwa njia hiyohiyo.

Kinachoamua ni kiasi. Gramu 5 za sorbitoli wengi hawazisikii. Zikifika 10, tumbo hujaa na kuunguruma kwa watu wengi. Kwenye 20 huja msokoto na kuhara. Bazoka moja isiyo na sukari hubeba kama gramu 1.25, kwa hiyo mbili baada ya chakula si kitu. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin walieleza habari za msichana wa miaka 21 aliyekuwa akienda choo cha majimaji mara 4 hadi 12 kwa siku, akiwa amepungua kilo 11. Vipimo vikubwa havikuonyesha ugonjwa. Alipoulizwa anachotafuna, ikaonekana anameza gramu 18 hadi 20 za sorbitoli kila siku, sawa na bazoka 14 hadi 16. Aliacha, akapona. Ulaya, chakula chenye polioli za kuongezwa zaidi ya asilimia 10 lazima kiandikwe kwamba kikizidishwa kinaharisha. Kuzidisha ni kiasi gani, pakiti haisemi, na hapo ndipo mnunuzi anapoachwa gizani.

Wanaozikataa wana hoja pia. Mwenye utumbo mwepesi kukasirika anaweza kuumia kwa gramu chache tu. Bakteria nao wana usemi: mwaka 2024 watafiti wa California waliwapa panya antibayotiki pamoja na chakula chenye mafuta mengi, bakteria wa kundi la Klostridia wakapungua, na sorbitoli ikaanza kuwaharisha. Kama binadamu naye yuko hivyo, aliyemaliza dozi ya antibayotiki juzi asishangae pipi za kila siku zikimgeuka. Erithritoli, polioli nyingine, haisumbui sana tumbo kwa kuwa sehemu kubwa hunyonywa na kutoka kwenye mkojo, lakini utafiti wa 2023 uliihusisha na shambulio la moyo na kiharusi kwa wale waliokuwa nayo nyingi kwenye damu. Mwili wenyewe huitengeneza kidogo, hivyo uhusiano huo haujatosha kuitia hatiani.

Kwa huyo mgonjwa wetu, metformini isiguswe bila daktari. Aondoe pipi, biskuti na bazoka zote za namna hiyo kwa wiki moja, na aangalie pia dawa za maji za kikohozi, maana nyingi hutiwa utamu kwa sorbitoli. Choo kikitulia, arudishe kidogo, si zaidi ya gramu 5 kwa siku, baada ya kula na si tumbo tupu. Kisipotulia, arudi kliniki na orodha ya alivyokula, pamoja na pakiti zenyewe.