Zebaki ya samaki: tupime sahani au nywele?

Kanda ya Ziwa, hofu ya zebaki huanzia Geita, kwa wachimbaji wadogo wanaoichoma ili ibaki dhahabu, na kuishia jikoni: walaji wa samaki wa Ziwa Victoria wanaingiza kiasi gani mwilini?

Njia rahisi ni hesabu ya sahani: uzito wa samaki anayeliwa kwa wiki, mara zebaki iliyomo, gawanya kwa uzito wa mlaji. Kikomo walichoweka wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, mwaka 2003 ni mikrogramu 1.6 za methili-zebaki, aina ya zebaki inayorundikana kwenye samaki, kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichozoeleka kama mpaka wa sokoni, anaimaliza nafasi hiyo kwa gramu 192 tu. Anayekula minofu mara moja kwa wiki hatatishika. Mvuvi anayekula samaki mchana na usiku ana hesabu yake.

Wanaosema tusiwatie watu hofu wana hoja nzito. Vipimo vingi vya ziwa hili vimekuwa chini sana ya mpaka huo, na wengi hula dagaa na sato, wasio wawindaji wa samaki wenzao. Zebaki hurundikana kwa sangara mkubwa. Dodoso linalouliza tu "unakula samaki mara ngapi?" halijauliza kitu. Hata mapanki, mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa, yana hadithi yake: methili-zebaki hukaa kwenye nyama, na nyama nyingi imeshaondoka na minofu.

Njia ya pili ni nywele, maana zebaki iliyo mwilini huingia humo, na hazitegemei kumbukumbu ya mtu. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo unywele mrefu ni kalenda. Lakini utafiti wa Masazumi Harada na wenzake, uliochapishwa 1999, ulikuta Tanzania watu wachache wenye zebaki ya kutisha nywelini, na chanzo kikawa sabuni ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Maabara ikipima zebaki yote kwa jumla, samaki atabebeshwa kesi ya sabuni.

Mimi ningeanza na sahani, kwa aina na ukubwa wa samaki, kisha nywele za wajawazito wanaokula sangara wakubwa, kwa sababu ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia kwanza. Maabara itenganishe methili-zebaki na nyingine, na dodoso liulize pia: unaogea sabuni gani?